Uyoga wa Sicily na Popo wa Pemba

Katika milima ya Madonie, kisiwani Sicily, nchi ya Italia, huota uyoga mweupe upendwao sana kwa utamu wake. Na katika kisiwa cha Pemba huishi popo mkubwa alaye matunda. Akikunjua mabawa yake, upana wake wapata mita moja na nusu. Viumbe hawa hawafanani hata kidogo, walakini hatari yao ni moja: mwanadamu atafutaye kitoweo.

Uyoga huenea kwa vumbi laini lichukuliwalo na upepo, nalo ndilo mbegu yake. Ukichumwa ungali mchanga, hauachi uzao. Mwaka 2006 ilikadiriwa kwamba uyoga unaofikia kukomaa kila mwaka haupati 250. Popo naye huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Basi wakiwindwa wengi, waliosalia hawawezi kujaza pengo upesi. Mwaka 1989 wataalamu waliomtafuta Pemba waliona wachache mno.

Ndipo wanavijiji wa Pemba, kama wale wa Kidike, walipoanza kuyalinda makao ya popo. Hesabu ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba wamezidi 20,000. Nao hulipa wema huo, maana huangusha mbegu za matunda huku na huku, miti ikaota. Huko Madonie pia iko sheria: pengine ni marufuku kabisa kuchuma uyoga huo, na pengine ni marufuku kuchuma ulio mdogo.

Basi, atakaye kuvuna kesho, na aache kitu leo kipate kuzaa.