Gia za Mkono kwa Motokaa ya Zamani: Hesabu Gharama Kwanza

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima na rasi ziingiazo katika Ziwa Kivu. Mitaa iliyo tambarare ni michache. Toka Kadutu hadi Ibanda, toka Bagira hadi Panzi, gari hupanda na kushuka kutwa nzima. Nayo barabara iendayo Uvira hushuka kwa miteremko mikali ya Ngomo mpaka Kamanyola na uwanda wa Ruzizi. Ziwa Kivu liko karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika karibu meta 770. Tofauti hiyo ndiyo ichoshayo injini wakati wa kupanda, na breki wakati wa kushuka.

Basi si ajabu kwamba mwenye motokaa ya zamani yenye gia zijibadilizo zenyewe, yaani otomatiki, hufikiri kuliondoa sanduku lake la gia na kutia la gia za mkono. Jambo hili lawezekana. Lakini yafaa baba na mama walifikirie pamoja, kwa kuwa lagusa akiba ya nyumba, na tena lagusa uhai wa watoto.

Tofauti ni nini?

Katika gari la gia za mkono, dereva hukanyaga klachi, au ambreyaji kwa msemo wa Bukavu, ili kuitenga injini na magurudumu wakati wa kubadili gia. Otomatiki haina kanyagio hilo. Mafuta yazungukayo kwa nguvu ndani ya chombo cha mviringo ndiyo yapelekayo mwendo kutoka injini hadi kwenye gia. Si uvumbuzi mpya: kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza sanduku la namna hiyo, liitwalo Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

Otomatiki humpumzisha dereva, hasa katika msongamano. Lakini ina masharti yake. Gari likipanda polepole na mzigo mzito, mafuta yake hupata moto mno, na mafuta yaliyoungua huharibu vilivyomo ndani. Betri ikifa, otomatiki nyingi haziwashiki kwa kusukumwa. Tena gari likivutwa mwendo mrefu, injini imezimwa na magurudumu yaliyounganishwa na gia yakigusa chini, mafuta hayazunguki, na sanduku laweza kuharibika kabisa. Wakati wa kushuka, gia za mkono hulishika gari vizuri. Lakini hata dereva wa otomatiki hupata msaada huo akitia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza. Wengi hawajui, wakateremka kwa breki peke yake mpaka zikashika moto.

Je, ni mgonjwa kweli?

Tuseme baba mmoja wa Bagira amerithi Mercedes-Benz ya aina ya W123, iliyotengenezwa kati ya mwisho wa mwaka 1975 na mwaka 1986, yenye injini ya dizeli. Gia zabadilika kwa kishindo, naye aambiwa ya kwamba sanduku limekufa. Asikubali upesi. Katika gari hilo, pampu ndogo ya injini hufyonza hewa kupitia mipira myembamba, na mfyonzo huo huliarifu sanduku la gia kama dereva amekanyaga mafuta kidogo au sana. Mpira mmoja ukipasuka, gia huanza kupiga kishindo, ingawa sanduku lenyewe ni zima. Mfyonzo huo huo huzima injini ya dizeli ufunguo unapogeuzwa. Ikiwa gari halizimiki upesi, mwenye gari na aishuku mipira kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni upumbavu pia kujenga ukuta pale ambapo ufa tu wahitaji kuzibwa.

Apime pia mafuta ya sanduku: gari likiwa mahali pa tambarare, limepata moto, injini yazunguka, na mkono wa gia uko kwenye P. Mafuta meusi yanukayo kuungua ni dalili mbaya. Mafuta yaliyopungua tu ni neno jingine.

Ukiamua kubadili

Ikiwa sanduku limekufa kweli, na bei ya jingine haifikiki, usinunue kipande hapa na kipande kule. Tafuta gari moja la aina ile ile, lenye injini ile ile na gia za mkono, lililoharibika mwili, ukatoe vyote: sanduku la gia, klachi nzima, pampu zake mbili, makanyagio, mkono wa gia, vishikizo na mtaimbo upelekao nguvu nyuma, kwa maana urefu wake waweza kuwa tofauti.

Usisahau gurudumu zito la chuma lifungwalo nyuma ya injini. Otomatiki hutumia bamba jembamba mahali pake, nalo klachi haiwezi kukaa juu yake. Katika injini nyingi, gurudumu hilo husawazishwa pamoja na mtaimbo wa injini. Likitiwa bila kusawazishwa, injini itatetemeka mpaka ijivunje. Tena mtazame fundi kama ametia beringi ndogo ishikayo ncha ya sanduku jipya. Ni kitu kidogo, lakini ikikosekana, kazi yote hufunguliwa upya.

Katika magari mengi, klachi na breki hupata mafuta katika chupa moja. Basi klachi ikivuja, dereva asiseme, "Ni klachi tu." Hayo ni mafuta ya breki yanayomwagika.

Hatari ijifichayo

Otomatiki haikubali kuwashwa ila mkono wa gia ukiwa kwenye P au N. Baada ya kubadili, waya za ulinzi huo huunganishwa tu, na ulinzi wenyewe hupotea. Tangu siku hiyo, mtoto akichezea ufunguo huku gari liko katika gia, gari litaruka mbele. Ufunguo usiachwe kamwe garini.

Tena herufi P haipo tena. Kumbe kwa miaka mingi ndiyo iliyolishika gari mlangoni! Dereva aliyezoea P aweza kushuka, na gari likamfuata kuelekea ziwani. Kwa hiyo breki ya mkono itengenezwe siku ile ile, si mwezi ujao. Ukiegesha mlimani, vuta breki hiyo, tia gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, geuza magurudumu yaelekee ukingo wa barabara, kisha weka jiwe. Mama wa nyumba na vijana waendeshao gari hilo wafundishwe haya yote kabla ya kupewa ufunguo.

Ukweli wakati wa kuuza

Mwisho, gari lililobadilishwa si aibu. Aibu ni kulificha jambo hilo. Anayeuza na amwambie mnunuzi wazi: sanduku hili si la asili, lilitolewa katika gari la namna hii, na kazi hii bado haijamalizika. Amri ya saba haikatazi wizi wa mfukoni tu; hukataza pia kumuuzia jirani kasoro iliyofichwa. Na fundi akiombwa kurukisha kazi ili bei ipungue, ana haki ya kukataa, kwa kuwa kesho gari hilo litateremka Ngomo limebeba jamaa nzima, nao hawatajua ni nani aliyeliacha parafujo lisilokazwa.