Kisima cha wakfu kinahitaji mtunzaji

Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma kule Madina akakifanya wakfu, watu wakateka bure. Thawabu hiyo wengi Tabora wanaijua. Wanachosahau ni kuwa wakfu hauishii siku ya kuchimba. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake, wanasema mafakihi, huanza kuitengeneza yenyewe.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji haikupitisha pembe na watumwa tu. Daktari James Christie, aliyeishi Unguja, aliandika jinsi kipindupindu cha 1869 na 1870 kilivyosafiri na misafara. Maradhi hayo hayo bado hupata nafasi kwenye kisima kisicho na mfuniko, ambako kila mtu hutumbukiza ndoo yake, hata ya kuogea!

Basi anayetoa kisima atoe na cha kukihudumia: chumba cha duka cha kupangisha, au hata miembe michache. Kodi inunue saruji, kamba na klorini. Msimamizi ahakikishe choo kiko mbali, si chini ya mita 30, na ndoo ya kutekea iwe moja tu. Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe.