Maji Magumu na Dawa ya Kuulia Vijidudu

Mtengenezaji wa bia ya nyumbani huosha pipa na chupa zake kwa uangalifu, kisha huzisuuza kwa dawa ya kuulia vijidudu. Hata hivyo, mara nyingine bia huharibika ikawa chungu kama siki. Pengine kosa limo katika maji yaliyochanganywa na dawa hiyo. Jambo hili lawahusu watu wengi nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 1963 utengenezaji wa bia kwa matumizi ya nyumbani hauhitaji leseni.

Maji ya mvua hunyonya kaboni dioksidi, yakawa asidi hafifu. Yapitapo katika mawe ya chokaa huyayeyusha, yakachukua kalsiamu na bikaboneti. Yapitapo katika jasi huchukua kalsiamu na salfeti. Maji yenye kalsiamu au magnesiamu nyingi huitwa maji magumu. Kwa kawaida, maji huhesabiwa kuwa magumu sana ugumu wake ukizidi miligramu 180 kwa lita, ukipimwa kama kalsiamu kaboneti. Ugumu wa bikaboneti, kama ule wa London, ni wa muda: maji yakichemshwa, chokaa hutuama. Ugumu wa jasi, ulioupa sifa mji wa bia wa Burton upon Trent, ni wa kudumu; kuchemsha hakuuondoi. Aina zote mbili zaweza kukutana katika kisima kimoja.

Dawa moja itumiwayo sana ina asidi ya fosforiki pamoja na kitu kitoacho povu. Nguvu yake hutegemea pH isiyozidi 3. Katika maji magumu mambo mawili hutokea. Kwanza, bikaboneti huila asidi, vikatokea maji na kaboni dioksidi, pH ikapanda. Ikipanda kutoka 3 hadi 4, ioni za hidrojeni zimepungua mara kumi. Pili, kalsiamu huungana na kile kitoacho povu, zikafanyika chembe zisizoyeyuka; dawa ikageuka nyeupe kama maji ya mchele. Salfeti haina athari kubwa kwa asidi hiyo, lakini kalsiamu iliyo pamoja nayo yaweza kuitia dawa ukungu. Basi weupe ni onyo tu. Hukumu hutolewa na karatasi ya kupimia pH.

Dawa za klorini nazo hudhoofika pH ipandapo. Katika pH 7.5 nusu ya klorini huwa katika umbo lake kali. Katika pH 8.5 hubaki takriban moja ya kumi. Lakini mtu asijaribu kurekebisha hali hiyo kwa kuchanganya dawa ya klorini na dawa ya asidi, kwani hutoka gesi ya klorini, nayo ni sumu iwezayo kuua.

Shule za pwani ya Afrika Mashariki, ambako visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, zaweza kuuona ugumu huu kwa urahisi. Chukua chupa tatu: ya maji ya kisima, ya maji hayo yaliyochemshwa na kuchujwa, na ya maji ya mvua. Tia katika kila moja matone ya maji ya sabuni, ukihesabu, huku ukitikisa mpaka povu lidumu. Tofauti ya chupa mbili za kwanza ni ugumu wa muda. Na huo ndio ulao asidi ya dawa.