Nyua na Maua ya Kaloleni

Neno ua katika Kiswahili lina maana mbili, na wingi wake ndio unaozitenganisha. Ua la maua huchanua. Ua wa nyua huzungushwa: ni uwanja wa nyumba uliozibwa kwa miti, mabati au ukuta, mahali pa kufulia, kupikia na kupiga gumzo na jirani. Ukiingia Kaloleni, kusini mwa barabara ya Jogoo hapa Nairobi, maana zote mbili utazikuta kwenye mlango mmoja.

Mlango ninaoukumbuka zaidi ulikuwa na gunia la sukuma wiki. Limejazwa udongo na samadi, likasimamishwa wima, kisha likatobolewa matundu kila upande, na kila tundu lina mche wake. Katikati, kuanzia juu hadi chini, kuna nguzo ya kokoto inayoyapeleka maji mpaka mizizi ya mwisho. Kando yake kulikuwa na mikebe mitatu ya mafuta ya kupikia iliyopandwa jeraniamu nyekundu, mchaichai ukingoni mwa mtaro, na kamba ya nguo iliyofungwa kwenye shina la mti. Nilimuuliza mama mwenye nyumba maji anatoa wapi, maana mfereji ulikuwa umekauka tangu asubuhi. “Ya kuoshea mboga simwagi, mwanangu,” akanijibu. “Yakitoka kwenye karai yanaingia kwa gunia.”

Kazi yangu ni kupanga mandhari ya miji, na ninapoitazama bustani kama ile naona kitu chenye nasaba. Kuna ufundi wa huyo mama mwenyewe, wa kutumia gunia na karai. Lakini uwanja uliomwezesha kuutumia ufundi huo, ule upenyo wa kijani kati ya nyumba na nyumba, ulichorwa na watu waliokuwa na kijiji cha Kiingereza vichwani mwao.

Tuanze huko basi. Picha ya mashambani ya Uingereza inayopendwa duniani ni ya kijumba kilichoezekwa kwa nyasi, waridi ukutani, njia nyembamba, na mbele yake mchanganyiko wa kila kitu: kabichi, maharage, vitunguu, mimea ya dawa na maua, vyote katika kipande kimoja cha udongo. Wengi hudhani ni pambo. Bustani hiyo ilikuwa ghala. Kibarua wa shamba la bwana alikuwa na hatua chache tu za ardhi mlangoni, na familia ililishwa kutokana nazo. Waridi lilipanda ukutani, na ardhi ya chini ikaachiwa viazi. Kwa maana hiyo yule mama wa Kaloleni na mke wa kibarua wa Dorset wa miaka 200 iliyopita wangeelewana bila mkalimani.

Na kwa nini kibarua alikuwa na hatua chache tu? Hapa ndipo uzuri wa mashamba ya Uingereza unapotugusa sisi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua ardhi ambazo wanakijiji walikuwa wakizitumia kwa pamoja kulisha mifugo, kukata kuni na kulima. Ekari zipatazo milioni 6.8, takriban moja ya tano ya England yote, ziliingia mikononi mwa watu binafsi kwa njia hiyo. Kijiji cha Milton Abbas, ambacho nyumba zake pacha za nyasi huchapishwa kwenye kalenda hadi leo, kilijengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa sababu bwana wa eneo hilo, Lord Milton, aliubomoa mji mdogo uliokuwa karibu na jumba lake ili apate nafasi ya bustani na mandhari tulivu. Aliyemsaidia kuyachora mandhari hayo ni Capability Brown, mtunza bustani mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Wakazi walihamishiwa bondeni, mbali na macho ya bwana. Nyasi zile laini zina historia ya ubomoaji chini yake. Nalisema hili kwa heshima: uzuri ule ni wa kweli, na gharama yake ni ya kweli pia.

Waliofukuzwa na sheria hizo, pamoja na wengine waliofuata ajira, walijazana mijini. London ya karne ya 19 ilikuwa na moshi, vyumba vya kulala watu wanane, na kipindupindu. Ndipo akatokea Ebenezer Howard. Hakuwa mhandisi wala msanifu majengo. Alikuwa mwandishi wa hati mkato aliyenukuu mijadala ya Bunge, na mwaka 1898 alitoa kitabu kilichopendekeza mji wa aina mpya, mji wa bustani: watu 32,000 kwenye ekari 6,000, na kati ya hizo ekari 5,000 zibaki mashamba na misitu. Mji wa kwanza, Letchworth, ulianza mwaka 1903. Wa pili, Welwyn, mwaka 1920. Raymond Unwin, mmoja wa wasanifu wawili wa Letchworth, alitetea kipimo kilichokuja kufuatwa na wengi: nyumba zisizidi 12 kwa ekari, ili kila familia ipate jua, hewa na mahali pa kupanda chakula.

Wazo la Howard lilikuwa na miguu miwili, na msomaji naomba aukumbuke wa pili. Mguu wa kwanza ni kijani: miti, viwanja, bustani. Wa pili ni umiliki. Ardhi ya mji ingekuwa mali ya jumuiya yenyewe. Mji ukikua na ardhi ikapanda thamani, kodi iliyoongezeka ingerudi kujenga shule, hospitali na kutunza wazee, badala ya kwenda mfukoni mwa mwenye shamba. Letchworth ingali inafanya hivyo: taasisi moja ya wakfu inashikilia ardhi ya mji na kurudisha mapato yake kwa wakazi.

Wazo lilipofika Nairobi, mguu mmoja ulibaki njiani.

Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi ya ngozi na kwa rangi ya udongo. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye udongo mwekundu unaopitisha maji na kuotesha chochote. Mwafrika alipelekwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kung’ang’ania viatu mvua ikinyesha. Tena hakuhesabiwa kuwa mkazi. Alikuwa mfanyakazi wa muda mwenye kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni, na makao aliyojengewa, kama mabweni ya Kariokor mwishoni mwa miaka ya 1920, yalikuwa ya wanaume peke yao. Mke na watoto walitakiwa kubaki mashambani.

Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa kitu tofauti. Ni miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyokubali kwamba Mwafrika ana familia mjini. Nyumba zake ni za chini, za kuta imara na mapaa ya vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na barabara kubwa zimewekwa pembeni. Jina lenyewe lilitoka pwani, ambako kwa lugha za Kimijikenda lina maana ya nendeni mkatazame. Mwaka 1948, wataalamu watatu kutoka Afrika Kusini, Thornton White, Silberman na Anderson, walipotoa mpango mkuu wa Nairobi, walitaka mji wote ufuate mtindo wa vitongoji vinavyojitosheleza: shule katikati, maduka karibu, ukumbi, uwanja, na mtoto asivuke barabara kuu akienda darasani.

Watu huniuliza uwanja wa nyasi una kazi gani hasa. Simama katikati ya mmoja wa viwanja vya Kaloleni saa kumi jioni, utaiona. Milango imeutazama uwanja, kwa hiyo mgeni akiingia anaonwa na watu kumi kabla hajauliza njia. Mtoto anacheza mpira mahali ambapo sauti ya mamaye inamfikia bila kupanda juu. Mzee analeta kiti chini ya mti, na kijana asiye na kazi anapata mtu wa kuzungumza naye. Mvua ikija, nyasi na mizizi huyachelewesha maji, na katika udongo mweusi kuyachelewesha ndiyo nusu ya kazi; uwanja ukishapigwa saruji, kila tone linakimbilia mtaroni kwa pamoja, na mtaro ukijaa linakimbilia vitandani mwa walio bondeni. Walioishi kando ya mito ya Nairobi na Ngong katika masika ya mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Vijiji vingi vya Uingereza vina ukumbi, na Kaloleni nayo ikapewa wake. Wachoraji wa mitaa ya aina hiyo walifikiria dansi, mafunzo ya ushonaji, mikutano ya adabu. Lakini tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa chama cha siasa cha Waafrika, KAU, na chama cha Wahindi uliofanyika Kaloleni, Makhan Singh, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki mara moja. Kabla mwezi wa Mei kwisha alikuwa ameshakamatwa, naye hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Nionavyo mimi hili halikutokea Kaloleni kwa bahati. Ukiwapa watu mahali pazuri pa kukutana, watakutana, na watazungumza yanayowauma.

Mguu uliobaki njiani ulikuwa ule wa umiliki. Mkazi wa Kaloleni alilipa kodi kwa manispaa mwezi baada ya mwezi, baba mpaka mjukuu, na nyumba haikuwa yake, wala ardhi, wala uwanja. Asiyemiliki hana sauti bomba likipasuka, na hana sauti mti ukikatwa. Ndiyo maana sehemu nyingi za kijani za Eastlands zimeliwa kidogo kidogo: kibanda hapa, karakana pale, kanisa la mabati kwenye kona. Siwalaumu waliojenga vibanda. Kodi ya chumba cha nyongeza ndiyo karo ya mtoto. Mtaa wa Buruburu wa miaka ya 1970 ulikuwa na wenye nyumba, na huko pia, katika korti (vikundi vya nyumba) zilizochorwa zikiwa na vibustani mbele, maduka yalisogea hadi ukingo wa barabara. Lakini kule angalau mwenye nyumba alijiamulia mwenyewe.

Na maua nayo yasisahaulike, maana yamesafiri pande zote mbili. Jeraniamu inayopamba madirisha ya vijiji vya Uingereza kila kiangazi asili yake ni Afrika Kusini. Ua jingine linalopandwa kwa wingi kwenye vivuli vya bustani zao, lenye petali bapa nyekundu, waridi na nyeupe, ni mzaliwa wa Afrika Mashariki: katika karne ya 19 John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alilituma kwao, na wataalamu wakalipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo mama mwenye mikebe mitatu mlangoni haigi mtu. Neno letu bustani tulilipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Firdausi, ile pepo tunayoiomba, imetokana na neno la kale la huko huko Uajemi lililomaanisha bustani iliyozungushiwa ukuta. Hamu ya ua wenye maua ni ya wanadamu wote.

Sasa mitaa ya kale ya Nairobi imo kwenye mipango ya kuvunjwa na kujengwa upya kwa maghorofa. Mtaa wa zamani wa Pangani umeshabomolewa na majengo marefu yamesimama mahali pake. Sipingi ghorofa. Nairobi ina mamilioni ya watu, na nyumba 12 kwa ekari karibu na katikati ya jiji ni anasa ambayo vijana wanaopanga chumba kimoja katika mtaa wa Pipeline hawawezi kuigharamia. Ninachopinga ni kuuhesabu uwanja wa nyasi kama ardhi tupu. Ghorofa nne au sita zikipangwa kuuzunguka uwanja zinaweza kubeba familia nyingi mno, na mtoto akaendelea kucheza mahali ambapo mamaye anamwona dirishani. Ghorofa ishirini zilizobanana, na maegesho ya magari kila upenyo, zitaleta milango mingi isiyojuana.

Katiba ya mwaka 2010 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa. Ukiitwa kwenye kikao cha mradi wa mtaani kwako, nenda, na usiridhike na picha ya rangi ya jengo. Omba mchoro wa ardhi yote. Uliza uwanja uko wapi na una ukubwa gani, miti gani itabaki, maji ya mvua yatapita wapi, mahali pa kuweka gunia la sukuma wiki patakuwa wapi, na hati ya uwanja huo itaandikwa jina la nani. Majibu yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na nakala uipeleke nyumbani.