Wahitimu wa ufundi Kilosa na Mikumi: ajira kubwa iko kwenye matengenezo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za mahindi ya Dumila, mpunga na ufuta. Safari hii tunaangalia bidhaa isiyopimwa kwa gunia, ambayo kila msimu wa mahafali huingia sokoni kwa wingi kisha mnunuzi wake hajulikani aliko. Bidhaa hiyo ni ujuzi wa ufundi.

Vijana wanaohitimu Chuo cha VETA Mikumi, na wenzao wa wilayani Kilosa wanaorudi nyumbani na shahada za uhandisi kutoka Dar es Salaam, Mbeya au Arusha, wanastahili pongezi. Nchi hii ilianza mbali. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi ilimlazimu kwenda nje, hasa Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973 kwa msaada wa Ujerumani, na wahitimu wake wa kwanza walitoka 1977. VETA yenyewe imeundwa kwa sheria ya 1994. Kwa hiyo mzazi wa Ulaya au Kidodi anayemvisha mwanawe shada la maua siku ya mahafali ana haki ya kupiga vigelegele. Swali la mfanyabiashara ni nini kinafuata Jumatatu.

Kabla ya kujibu, tufafanue jambo moja, maana wengi wetu humwita kila mwenye spana "injinia". Kuna madaraja matatu. Mhandisi ana shahada. Yeye husanifu, hukokotoa na kusimamia. Fundi sanifu ana stashahada. Huutafsiri mchoro wa mhandisi kuwa kazi, hupima na kukagua. Fundi mchundo ndiye mwenye mikono kwenye kazi: anachomelea, anafunga nyaya, anashusha injini. VETA Mikumi hutoa zaidi daraja hili la tatu. Katika mijadala ya fani hii hutajwa sana uwiano wa mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo ishirini na tano. Ukiuangalia vizuri utaona kwamba kiwanda chenye wahandisi wengi na mafundi mchundo wachache ni sawa na jeshi la makamanda watupu.

Mwenye shahada naye hawi mhandisi kamili siku ya kuvaa joho. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi humwandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha atafanya kazi chini ya wakubwa zake mpaka afikie usajili wa mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wa mafunzo kazini wa hadi miaka mitatu, ulioanza 2003, unaowaunganisha wahitimu na waajiri kwa ajili hiyo. Baada ya sheria kurekebishwa 2007, mafundi sanifu nao husajiliwa. Mfanyabiashara akiletewa mchoro wa ghala au wa tangi la maji, aulize namba ya usajili ya aliyeuchora. Kuuliza ni bure.

Sasa tuje kwenye soko. Kwa miaka kadhaa Kilosa ilikuwa na neema ya ujenzi. Reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora, imepita katika milima ya wilaya hii kwa mahandaki manne yenye jumla ya takriban kilomita 2.6. Ujenzi wa namna hiyo hutaka vibarua, wapishi, wachomeleaji na madereva kwa mamia, na wenye nyumba za kulala wageni hufanya biashara. Lakini treni za abiria zilianza kwenda Dodoma Julai 2024, na kambi ya ujenzi kazi ikiisha huvunjwa. Anayebaki ni mtu wa matengenezo: wa njia, wa umeme, wa mawasiliano, wa madaraja na mifereji. Idadi yao ni ndogo kuliko ya wajenzi, ila kazi yao haina siku ya mwisho.

Wazee wa Kilosa hawahitaji kuelezwa maana ya matengenezo. Reli ya zamani ya Wajerumani, iliyoanzia Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914, imekuwa ikipigana na mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe kwa miaka mingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliharibu njia na kuacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi. Mizigo ilikwama, na wafanyabiashara wa bara walilipia gharama za malori. Karavati likizibwa na tope mwezi wa kumi na moja, gharama yake inaonekana mwezi wa kwanza kwenye bei ya saruji Tabora.

Sukari inafuata mkondo uleule. Kilombero, iliyobinafsishwa 1998, ina kiwanda kimoja upande wa Ruhembe, Kilosa. Upanuzi wake uliotangazwa 2021 ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka takriban tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka. Huko Mbigiri, Kampuni Hodhi ya Mkulazi, inayomilikiwa na NSSF kwa asilimia 96 na Jeshi la Magereza kwa asilimia 4, ina kiwanda cha uwezo wa tani 50,000 kilichozinduliwa rasmi 2024. Kiwanda cha sukari husaga miwa wakati wa kiangazi. Masika yakianza mashamba hayapitiki, mitambo husimamishwa na kufunguliwa yote. Huo ndio msimu wa mavuno wa fundi. Rola, pampu, boila, mikanda na mota vyote hupitiwa kwa wiki chache tu. Mhitimu anayepeleka barua ya kuomba kazi Septemba, mitambo ikiwa inanguruma, amechelewa au amewahi mno. Aende kabla ya masika, na asitegemee kiwanda peke yake. Wakandarasi wadogo wanaopewa kazi za ukarabati nao huchukua watu.

Mikumi kuna soko la aina nyingine kabisa. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma hukatiza Hifadhi ya Taifa kwa takriban kilomita 50, na malori ya Zambia na Kongo hupita humo usiku na mchana. Lori likizimika katikati ya hifadhi, dereva hana hamu ya kushuka. Atavutwa mpaka mji wa Mikumi, na hapo ndipo fedha ilipo. Tatizo ni kwamba gereji nyingi za barabarani zimejengwa kwa ajili ya injini za zamani. Malori ya siku hizi yanaongozwa na vifaa vya umeme. Bila chombo cha kusoma hitilafu, fundi anabahatisha. Anabadilisha spea moja baada ya nyingine mpaka apatie, na bili ni ya mwenye lori. Mhitimu wa umeme wa magari mwenye chombo hicho anaweza kutoza kwa kupima tu, kabla hajagusa bolti. Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kufungua duka la tano la vinywaji pale Mikumi, naona afadhali chombo cha kupimia lori.

Turudi kwa mfanyabiashara wa kawaida mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tuchukue mfano, na namba hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme mashine inaingiza Sh. 150,000/= kwa siku, na baada ya umeme na mwendeshaji inabaki Sh. 100,000/=. Beringi ikavunjika. Fundi wa Morogoro akafika na kumaliza baada ya siku tatu, akalipwa Sh. 120,000/= za nauli, malazi na kazi. Ukiacha bei ya spea, kusimama huko kumekugharimu Sh. 420,000/=, yaani Sh. 300,000/= za kazi iliyopotea na Sh. 120,000/= za fundi.

Sasa tuseme unawapa wahitimu wawili mkataba wa kuikagua mara mbili kwa mwezi, kupaka grisi, kukaza mkanda na kusikiliza sauti ya beringi, kwa Sh. 60,000/= kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 720,000/=. Wakikuepusha na ajali mbili kama ile, umeokoa Sh. 840,000/= na faida yako ni Sh. 120,000/=. Wakikuepusha na moja tu, umepata hasara ya Sh. 300,000/=. Kwa hiyo mwenye mashine mpya asidanganywe. Mkataba wa peke yake haumfai. Lakini wenye mashine watatu wa mtaa mmoja wakichangia mkataba uleule, kila mmoja akaguliwe kwa zamu, mchango wa mtu ni Sh. 240,000/= kwa mwaka, na ajali moja iliyoepukwa inarudisha zaidi ya hapo. Watatu hao nao wana watani wao wa biashara, najua. Kuchangia fundi hakumlazimu mtu kuchangia wateja.

Kinachowaangusha wahitimu wengi ni vitendea kazi. Kijana anatoka chuoni ameshika mashine nzuri ya kuchomelea, nyumbani hana hata bisibisi. Hapa mwenye mtaji anaweza kuingia: nunua vifaa, viandike kwa jina lako, kijana akulipe kidogo kidogo kutokana na kazi, na vikilipwa viwe vyake. Andikeni. Makubaliano ya mdomo baina ya mjomba na mpwa ndiyo yanayovunjika haraka kuliko yote.

Wanaotaka kusimama wenyewe wana milango miwili ya halmashauri na serikali. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Vijana wametengewa 4 kati ya hizo 10. Sheria ya ununuzi wa umma nayo hutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, ingawa kikundi kisichosajiliwa kwenye mfumo wa ununuzi kitaishia kusoma matangazo. Fundi umeme asisahau leseni ya EWURA, maana bila hiyo atabaki kuwa kibarua wa mwenye leseni.

Kuna pia mafundi wa mitaani wasiopita chuo, ambao wengi wao wanawazidi wahitimu kwa uzoefu. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo: fundi anapimwa na akifaulu anapewa cheti. Gereji ya Mikumi yenye mzee wa uzoefu aliyerasimishwa na mhitimu anayejua kompyuta ni mahali ambapo ningeweka fedha yangu, kama ningekuwa nayo.

Kwa mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, kumbuka kwamba tayari unachangia mafunzo haya kupitia tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Umeshalipia chuo. Basi mpigie simu mkuu wa chuo kabla ya mahafali, umweleze unatumia mashine gani, na umwombe vijana wa mafunzo kwa vitendo. Miezi michache ya kuwatazama wakifanya kazi itakueleza zaidi kuliko cheti.

Wiki ijayo tunarudi Dumila, kwenye mahindi.