Kesi iliyoamuliwa ukiwa umekimbia vita

Tuseme fundi wa mashine amepondwa mkono kazini Walikale, na mwaka 2024 ameishitaki kampuni yake Goma. Siku ya kusikilizwa inafika huku barabara ya Masisi na Sake haipitiki kwa mapigano. Baadaye anaambiwa kesi yake imeanguka. Wengi hukata tamaa hapo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi haki yao bado ipo.

Ulizeni kwanza ni nani aliyekosekana. Sheria ya Kongo ya mwenendo wa kesi za madai, ya 7 Machi 1960, inasema mshitaki asipotokea, mshitakiwa anaweza kuomba kesi iondolewe bila kiini chake kuchunguzwa. Kesi imezimika, lakini hakuna jaji aliyesema mkono haukupondwa kazini. Fundi huyo hahitaji rufaa. Anafungua kesi upya, akiwa na hati ya mkaguzi wa kazi inayoonyesha kwamba mapatano yalishindikana, maana bila hatua hiyo kifungu cha 298 cha Sheria ya Kazi ya 2002 hakimpi njia ya kuingia mahakamani.

Akikosekana mwajiri, mfanyakazi anaweza kushinda palepale iwapo madai yake ni ya haki na yamethibitishwa. Sheria ya 1960 inampa mwajiri siku 15 za kuweka pingamizi, yaani oposisyo, mbele ya mahakama ileile, na siku moja zaidi kwa kila kilomita 100. Siku hizo huhesabiwa tangu alipokabidhiwa hukumu mkononi. Kama hakukabidhiwa, tangu alipopata habari kwamba imepelekwa. Muda wa pingamizi ukiisha, ndipo siku 30 za rufaa zinaanza. Mahakama za kazi zina sheria yake, namba 016/2002, na huenda muda wake ukawa tofauti, kwa hiyo nendeni kwa karani siku ileile mnayopata habari ya hukumu.

Kwa hiyo mfanyakazi aliyeshinda asiiweke hukumu kwenye begi akafurahi. Isipopelekwa rasmi na mjumbe wa mahakama, saa ya mwajiri haijaanza kutembea, na pingamizi linaweza kuja wakati mashahidi wametawanyika kambini.

Mchimbaji wa madini wa Rubaya asiye na mkataba yuko mbali zaidi na haki. Mchango wa ajali za kazi kwa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 1.5 ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake, na yeye mwajiri hana. Hubaki na kifungu cha 258 cha sheria ya madai, akithibitisha kosa la aliyemuumiza.

Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, mahakama za serikali zilisimama. Aliyekwama anaweza kudai kwamba vita vilimzuia, lakini jaji atataka ushahidi. Barua ya mkuu wa kambi yenye tarehe ya kufika kwenu, ombeni leo.