Maktaba ni Ngao ya Mwanachama

Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, wengi waliiona kuwa ghala la vitabu vya wasomi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata. Wakulima waliojifunza kusoma walihitaji kitu cha kusoma, la sivyo wangesahau. Kwa hiyo maktaba zilianzishwa vijijini, zikapewa kazi mpya ya kulinda elimu iliyokwisha kupatikana.

Leo kazi hiyo imepanuka. Katika maktaba za mikoa vijana hujisomea mitihani, na baadhi ya maktaba hizo zina kompyuta zenye intaneti. Hata hivyo, haja ya zamani haijakwisha. Katika ukaguzi nimewaona wazee wakitia dole gumba kwenye orodha ya malipo, ilhali zamani waliandika majina yao. Hawakuwa wavivu, walikosa cha kusoma. Asiyeweza kusoma stakabadhi ya mizani hawezi kumhoji karani, wala kuipima taarifa ya hesabu katika mkutano mkuu.

Basi kila chama cha msingi kitenge kabati moja ofisini. Humo yawekwe masharti ya chama, taarifa za ukaguzi na vitabu vya kilimo, pamoja na daftari la kuazimia. Mkutubi wa mkoa aombwe ushauri. Mali ya ushirika hulindwa kwanza na macho ya wenyewe.